Uzi: Sarafu za dharura za miji ya Ujerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na kwa nini nazipanga kwa mji uliozitoa

Mkusanya Chenji (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa,

Sarafu za Kijerumani zinapotajwa hapa, mazungumzo hukimbilia rupia na heller za koloni la Afrika Mashariki, na mara nyingi huishia kwenye swali moja tu: zinauzwa shilingi ngapi. Leo naomba tuzungumzie sarafu zenye bei ndogo na historia nene, yaani vipande vya zinki, chuma na alumini ambavyo miji ya Ujerumani yenyewe iliagiza na kuvitoa wakati wa vita, kila mji kwa jina lake na kwa nembo yake, ili wananchi wake waweze kurudishiana chenji.

Vita vilipoanza Agosti 1914, watu walifanya jambo ambalo watu hufanya kila vita vinapoanza: waliweka ndani dhahabu na fedha yao na kulipa kwa noti. Tarehe 4 Agosti sheria iliondoa wajibu wa benki kuu wa kubadilisha noti kwa dhahabu, na sarafu za fedha nazo zikaadimika madukani. Baadhi ya miji, hasa ya upande wa mashariki na ya Alsace (eneo ambalo leo ni la Ufaransa), ilichapa haraka noti ndogo ndogo. Wimbi hilo lilipita upesi, kwa sababu dola, yaani serikali kuu ya Ujerumani, ilitoa noti za thamani ndogo na hofu ikatulia.

Uhaba uliofuata ulikuwa wa aina nyingine kabisa, na huo ndio uliozaa sarafu zetu. Kabla ya vita pfenigi 1 na pfenigi 2 (pfenigi ni sehemu ya mia ya maki, fedha ya Ujerumani ya wakati ule) zilikuwa za shaba nyekundu, pfenigi 5 na 10 zilikuwa za mchanganyiko wa shaba na nikeli, na ile pfenigi 25 iliyofuliwa kati ya mwaka 1909 na 1912 ilikuwa ya nikeli tupu. Shaba ilitakiwa kwa maganda ya risasi na mizinga, nikeli ilitakiwa kwa kuimarisha chuma cha pua, na manowari za Uingereza zilikuwa zimefunga njia ya bahari ambayo madini hayo yalipitia. Sarafu zilizokuwa mikononi mwa watu zikawa ghala la madini, na serikali ikaanza kuzivuta. Badala yake ilitoa pfenigi 5 za chuma mwaka 1915, pfenigi 10 za chuma na pfenigi 1 ya alumini mwaka 1916, kisha pfenigi 10 za zinki mwaka 1917. Viwanda vya dola havikuweza kufua vya kutosha, na kadiri bei za vitu zilivyopanda ndivyo malipo madogo ya kila siku, kuanzia nauli ya tramu hadi mkate, yalivyohitaji vipande vingi zaidi.

Hapo ndipo mabaraza ya miji yalipoamua kujitegemea. Kisheria haki ya kufua sarafu ilikuwa ya dola peke yake, lakini wakuu waliifumbia macho miji, kwa kuwa njia nyingine ilikuwa ni kuwaacha wenye maduka warudishe chenji kwa stempu za posta na vikaratasi vilivyoandikwa kwa mkono. Mji uliagiza kwa kiwanda binafsi, mara nyingi kiwanda kilichozoea kutengeneza medali, vishikizo au beji. Kampuni ya L. Chr. Lauer ya Nürnberg ni miongoni mwa zile ambazo kazi zake mtaziona tena na tena. Sarafu zilipofika, hazina ya mji ndiyo iliyozisimamia: zilipokelewa ndani ya mipaka ya mji au wilaya husika, na hazina iliahidi kuzibadilisha kwa fedha ya dola. Ukitoka nje ya mpaka huo, kipande hicho hakikuwa na nguvu yoyote.

Ndiyo maana nasema kila sarafu ya aina hii ni hati ya deni, na katika hati ya deni jambo la kwanza kusoma ni jina la mdaiwa. Wakusanyaji wengi huzipanga kwa madini au kwa thamani, zinki huku na chuma kule, pfenigi 5 juu na pfenigi 50 chini. Mimi napanga kwa mtoaji, na ningependa kusikia hoja za wanaofanya vinginevyo.

---

Kijana wa Kitete

Nakushukuru, Mkusanya Chenji, kwa uzi wenye mpangilio. Mimi ni mwenyeji wa Tabora, na tangu utotoni nimesikia habari za sarafu za mwaka 1916 zilizofuliwa hapa mjini wakati Wajerumani walipokuwa wamezingirwa. Je, hizo nazo si sarafu za dharura zilizotolewa na mji? Tabora ni mji, vita ni vile vile, na uhaba ni ule ule.

---

Mkusanya Chenji

Ndugu yangu, uhaba ni ule ule lakini mdaiwa si yule yule, na mfano wako unaonyesha hoja yangu vizuri kuliko wowote ambao ningeutafuta.

Sarafu za Tabora zilifuliwa katika karakana ya reli ya kati, baada ya koloni kukatiwa mawasiliano na Ulaya. Kuna heller 5 ya shaba ya njano, kuna heller 20 ambayo hupatikana kwa shaba ya njano na kwa shaba nyekundu, na kuna rupia 15 ya dhahabu yenye picha ya tembo. Zote zina mwaka 1916 na herufi T. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke, na vipande vilivyofuliwa vinatajwa kuwa 16,198. Mwezi Septemba mwaka huo huo majeshi ya Ubelgiji yaliingia Tabora na kazi hiyo ikawa imekwisha.

Sasa tazama maandishi yake. Hakuna nembo ya Tabora, hakuna neno la kusema kwamba Tabora inawajibika. Aliyezitoa ni serikali ya koloni, chini ya taji la dola, na zilikusudiwa kutumika popote ambapo serikali hiyo ilikuwa bado inatawala. Herufi T inaeleza mahali zilipofuliwa tu. Ukichukua kwa upande mwingine pfenigi 10 ya Posen au ya Thorn, miji ambayo leo ni Poznań na Toruń ya Poland, utakuta jina la mji ndilo linalobeba ahadi, huku kiwanda kilichoifua kikiwa pengine mamia ya kilomita kutoka hapo na hakitajwi kabisa. Kwa hiyo Tabora ni mahali pa kufulia pasipokuwa na mtoaji, na Posen ni mtoaji asiyekuwa na mahali pa kufulia.

Kwa anayezikusanya za Tabora, kazi ya kupendeza ipo kwenye heller 20, kwa maana kalibu zilichongwa kwa mkono na zinatofautiana: taji kubwa au dogo upande mmoja, na ncha za herufi mbili za L katika neno HELLER zilizopinda au zilizochongoka upande wa pili. Hiyo rupia 15 waachieni wenye uwezo wa kuipeleka kwa wataalamu, kwa sababu za kughushi ni nyingi. Na kwa kuwa tumefika huko, niseme jambo moja pembeni: zile hadithi za mali ya Mjerumani iliyofukiwa, ramani zake na rupia zake zenye nguvu zisizoelezeka, zimewafilisi watu wengi katika nchi yetu na hazimhusu mkusanyaji wa sarafu hata kidogo.

---

Mwalimu Mstaafu

Mkusanya Chenji, nimekusoma kwa makini na sikubaliani nawe katika mpangilio. Historia unayoisimulia ni historia ya madini. Wewe mwenyewe umeanza na shaba na nikeli, ukaja chuma, ukaja zinki. Mtu akifungua albamu yangu anauona ukosefu ule ukikua mwaka baada ya mwaka: fedha inatoweka, nikeli inatoweka, zinki inaingia, na zinki nayo inapokuwa adimu chuma kinachukua nafasi. Mtu akifungua albamu yako anaona orodha ya miji kwa alfabeti, kama daftari la mahudhurio.

Pili, mpangilio wako unaleta ugumu katika kuamua mwisho wa mkusanyiko. Wilaya ni mji? Kampuni ya tramu ni mji? Kambi ya mateka wa vita ni mji?

---

Mkusanya Chenji

Shikamoo Mwalimu. Swali la pili ni zito kuliko la kwanza, kwa hiyo nianze na la kwanza.

Madini yanaeleza vizuri sarafu za dola, kwa sababu dola ilikuwa na sera moja ya madini. Kwa sarafu za miji hali ilikuwa tofauti. Mji mmoja ulitoa zinki na jirani yake chuma katika mwaka ule ule, kwa kutegemea kiwanda walichokiagiza na shehena kiliyokuwa nayo wiki hiyo. Kuna miji iliyotoa thamani moja kwa madini mawili. Ukipanga kwa madini, miji miwili isiyo na uhusiano wowote inakaa pamoja, na mji mmoja unakatwa vipande viwili. Isitoshe, mpangilio wa mtoaji haukuzuii kuandika madini na mwaka kwenye kila kadi, na huo ukuaji wa ukosefu unaousema utauona ndani ya mji mmoja mmoja.

Na daftari la mahudhurio, Mwalimu, si jambo la kudharau, kwa sababu baadhi ya majina yaliyoitwa wakati ule leo hayaitikii. Elberfeld ilitoa sarafu zake kama mji kamili. Mwaka 1929 iliunganishwa na Barmen na majirani wengine, na mwaka uliofuata mji huo mpya ukaitwa Wuppertal. Strassburg na Colmar zilitoa sarafu zao mwaka 1918 zikiwa Ujerumani, na kabla mwaka haujaisha zilikuwa mikononi mwa Ufaransa. Danzig ilipotoa pfenigi 10 za zinki mwaka 1920, ilikuwa njiani kuwa mji huru chini ya Shirikisho la Mataifa. Haya yote yanakaa kwenye jina, na sijui ningeyaona wapi kama ningekuwa nimeyatawanya kati ya kisanduku cha zinki na kisanduku cha chuma.

Kuhusu mipaka, nakubali kwamba lazima mtu achague. Mimi nakubali mamlaka yoyote ya umma ya mahali: mji, wilaya, muungano wa vijiji vya wilaya, hata hazina ya akiba ya mji. Makampuni na mashirika binafsi, yakiwemo ya tramu na ya viwanda, nayaweka albamu nyingine. Sarafu za kambi za mateka wa vita ni somo la peke yake, kwa kuwa lengo lake lilikuwa kinyume: mji ulitaka watu wake waweze kununua, ilhali kambi ilitaka mateka asiwe na fedha halali mfukoni iwapo atatoroka.

Na kuna mpaka wa miaka. Baada ya vita uzalishaji haukukoma. Bonn ilitoa sarafu za chuma zenye kichwa cha Ludwig van Beethoven mwaka 1920, miaka 150 tangu azaliwe katika mji huo. Ni nzuri, nami ninazo, lakini ukiitazama unahisi kwamba mnunuzi aliyekusudiwa alikuwa mkusanyaji zaidi kuliko muuza mikate. Saxony ilitoa sarafu za udongo wa Meissen mwaka 1920 na 1921, na miji mingi ikaiga. Jimbo la Westfalen lilitoa sarafu zenye picha ya mwanasiasa Freiherr vom Stein na baadaye mshairi Annette von Droste-Hülshoff, na thamani zikapanda kutoka pfenigi 50 mwaka 1921 hadi maki milioni 50 na hata maki trilioni 1 kwenye kipande cha mwaka 1923. Huko tumekwishatoka kwenye uhaba wa chenji na kuingia kwenye kuporomoka kwa fedha yenyewe. Mkusanyiko wangu mkuu unaishia mwaka 1921, na zilizobaki nazihesabu kuwa wageni.

---

Msafiri wa Rhein

Salamu kutoka Köln. Kwa kuwa ninaishi katika nchi yenyewe, naomba niongeze mambo ya vitendo kwa mtu anayeanza.

Sarafu hizi zinapatikana katika masoko ya vitu vya zamani yanayofanyika mwishoni mwa wiki, katika maduka ya sarafu, na katika minada ya mtandaoni. Za kawaida huuzwa kwa euro chache kila moja, na mara nyingi bakuli la mchanganyiko huuzwa kwa bei moja. Kinachopandisha bei ni mji mdogo uliotoa vipande vichache, ubora wa hali ya juu katika zinki, na makosa ya kalibu. Ukubwa wa thamani iliyoandikwa hausaidii sana, kwani pfenigi 50 ya mji mkubwa inaweza kuwa rahisi kuliko pfenigi 5 ya wilaya ya milimani.

Kusoma maandishi ndiyo kazi. KRIEGSGELD ni fedha ya vita, NOTGELD ni fedha ya dharura, na KLEINGELDERSATZMARKE ni kipande cha kushika nafasi ya chenji. Hili la mwisho lilipendwa na watoaji waliotaka kukwepa kuita kitu chao sarafu. Kabla ya jina la mahali mtakuta STADT kwa mji, KREIS kwa wilaya, GEMEINDE kwa kijiji au mji mdogo, BEZIRK au BEZIRKSAMT kwa wilaya za Bavaria, na KOMMUNALVERBAND kwa muungano wa serikali za mitaa. Baada ya jina hufuata vifupisho ambavyo ni muhimu kuliko jina lenyewe, maana Ujerumani ina Neustadt nyingi kupindukia. Herufi a. M. zinakuambia mji uko kando ya mto Main, i. W. ni Westfalen, i. Els. ni Alsace. Frankfurt ya mto Main na Frankfurt ya mto Oder ziko pande mbili za nchi. Rothenburg yenye th iko Bavaria kando ya mto Tauber. Rotenburg isiyo na h inaweza kuwa Hesse kando ya mto Fulda, au kaskazini kabisa.

Angalieni pia tahajia za zamani. Sarafu zinasema Coblenz, Cassel na Crefeld kwa C, ilhali tangu miaka ya 1925 na 1926 majina hayo huandikwa kwa K. Ukitafuta kwenye orodha ya kisasa bila kujua hilo, utazunguka bure.

Kuhusu utambulisho, wauzaji hapa hutumia namba za Funck, mtunzi wa orodha ya sarafu hizi, kwa sarafu za mamlaka za umma, yaani namba moja kwa kila mtoaji na namba ndogo baada ya nukta kwa kila aina. Kwa hiyo hata wauzaji wanampangia mtoaji nafasi ya kwanza, jambo ambalo sikutaka kumwambia Mwalimu mapema.

---

Mwalimu Mstaafu

Nimesikia. Hata hivyo mfanyabiashara hupanga bidhaa zake kwa namna inayomrahisishia kuuza, na mwanafunzi wa historia ana sababu nyingine. Nitabaki na visanduku vyangu, ila nakubali kuandika daftari la pili kwa majina ya miji.

Nina swali la kweli sasa. Kwa nini nyingi zina pembe nane?

---

Mkusanya Chenji

Sababu ya msingi ni kuzitofautisha na sarafu za dola, ambazo zilikuwa duara. Mji ulikuwa unavumiliwa tu, kwa hiyo haukutaka kutuhumiwa kwamba unaiga fedha ya dola, na hata mtu aliyechoka gizani kwenye tramu alipaswa kujua kwa vidole kwamba alichoshika ni cha mji. Wengine walichagua mraba wenye kona zilizochongwa, wengine pembe sita, wengine walibaki na duara lakini wakabadilisha kipimo. Ukitazama za Bavaria utaona jambo la ziada: upande wa nyuma wa miji mingi unafanana kabisa, tarakimu katikati, mduara wa vitone ukiizunguka, na neno lile refu la kushika nafasi ya chenji. Kiwanda kilikuwa na kalibu ya nyuma tayari, na mji ulilipia kuchongwa kwa upande wa mbele peke yake. Baraza lenye fedha kidogo lilipunguza gharama kwa njia hiyo, nasi tunapata alama ya kutambua kiwanda ambacho hakikujiandika.

Hapo hapo niwatahadharishe juu ya kipande ambacho kwa kawaida ni cha zinki lakini wewe unauziwa cha shaba au cha fedha kwa bei kubwa. Vipo, na vingine ni halisi kwa maana kwamba viligongwa kwa kalibu ile ile wakati ule ule. Lakini viligongwa kwa ajili ya wakusanyaji, ambao tayari walikuwapo na walikuwa na haraka. Mji uliokosa shaba ya kutengeneza chenji haukuwa na sababu ya kufua chenji hiyo kwa shaba. Mimi sivinunui. Anayevinunua ajue ananunua ukumbusho.

---

Dada wa Forodhani

Asalaam aleikum. Nimeletewa kutoka Ujerumani mkoba mdogo wa sarafu hizi, na baada ya muda mfupi hapa Unguja baadhi zimeota unga mweupe na nyingine zimeanza kutu. Mama mmoja jirani amenishauri nizisugue kwa ndimu na majivu kama tunavyosugua sinia za shaba. Nimesita. Mnanishauri nini?

---

Mkusanya Chenji

Waaleikum salaam, dada. Umefanya vyema kusita. Ndimu na majivu viachie sinia.

Zinki haivumilii asidi. Ndimu, siki na ukwaju huila papo hapo, na kinachoonekana kama usafi ni tabaka la sarafu likiondoka pamoja na herufi zake. Majivu nayo yana magadi, ambayo pia hushambulia zinki na alumini. Unga mweupe unaouona ni zao la zinki kukutana na unyevu, hewa na chumvi; ukiwa mwembamba, uache kabisa, na ukiwa wa kumomonyoka, ung'oe kwa kijiti cha mti laini bila kukwaruza. Kwa chuma, tone dogo la mafuta safi ya mashine lililopakwa kwa pamba na kufutwa lote huzuia kutu isisambae. Chuma kingine kilipakwa zinki au nikeli juu, na mtu akikisugua hulitoa pazia hilo na kukiacha uchi, kwa hiyo kabla ya lolote pitisha sumaku: kipande kinachong'aa kama zinki lakini kinashikwa na sumaku kina chuma ndani.

Sumaku hiyo hiyo, pamoja na mizani ndogo ya masonara, hukutambulisha madini bila kugusa uso wa sarafu. Chuma kinashikwa. Zinki na alumini hazishikwi, lakini kwa ukubwa ule ule zinki ina uzito zaidi ya mara mbili na nusu ya alumini, na mkono wenyewe hutambua.

Kwa hifadhi ya pwani, adui ni hewa yetu. Usitumie zile bahasha za plastiki laini zenye harufu ya mpira mpya, kwa kuwa aina ya PVC hutoa asidi polepole. Usitumie sanduku la mbao ngumu kama mwaloni kwa sababu iyo hiyo, na mbao zetu nyingi zenye harufu kali sizitumaini pia. Bahasha za karatasi isiyo na asidi, ndani ya kopo la plastiki gumu linalofungwa kwa mpira, pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja ndani ya viatu na redio, vinatosha. Vipakiti hivyo vikishiba unyevu huacha kufanya kazi, kwa hiyo ni vya kubadilisha. Zitenge zenye unga na zisizo na unga, na osha mikono kabla ya kuzishika, kwani jasho lina chumvi.

---

Kijana wa Kitete

Baada ya kusoma mjadala huu nimeikumbuka sarafu ambayo babu wa rafiki yangu aliileta kutoka masomoni Ulaya zamani, nasi siku zote tuliidhani ni ya hapa Tabora kwa sababu ni ya Kijerumani na ni ya wakati wa vita. Haishikwi na sumaku, ni nzito kiasi, na rangi yake ni kijivu chenye madoa meupe. Inasomeka 10 na 1917. Jina la mji limelika mwanzoni. Kinachobaki ni ENBURG. Katikati ya nembo kuna jengo lenye minara, na ndani ya lango lake kuna mtu ameketi, kama amevaa kofia ndefu. Inawezekana kuitambua?

---

Msafiri wa Rhein

Miji inayoishia hivyo ni mingi: Offenburg, Rothenburg, Brandenburg, Weissenburg, na kadhalika, na kwa bahati mbaya nembo za kadhaa kati yake zina ngome yenye minara, kwa sababu burg ni ngome. Nembo ya Offenburg ina lango lililo wazi lakini halina mtu. Rothenburg ya mto Tauber ina ngome yenye minara tu.

---

Mkusanya Chenji

Huyo aliyeketi ndiye atakayetusaidia. Kofia ndefu ni ya askofu, na nembo yenye mtakatifu Martin, akiwa amevaa kiaskofu na kuketi kwenye lango la ngome, ni ya Aschaffenburg, mji wa mto Main ambao kwa karne nyingi ulikuwa chini ya maaskofu wakuu wa Mainz, ambao mtakatifu huyo ndiye msimamizi wao. Mji huo leo uko Bavaria, na mwaka 1917 unakubaliana kabisa na sarafu za zinki za miji ya huko.

Usitosheke na kauli yangu. Ichukue sarafu kwenye mwanga wa pembeni, taa ikiwa chini usawa wa meza, uone kama kabla ya ENBURG kuna alama za herufi mbili zinazofanana, kwa maana FF huacha mikwaruzo miwili ya wima iliyo sambamba hata pale mikono yake ikiwa imelika. Hesabu pia nafasi kutoka pembeni hadi hapo: Aschaffenburg ina herufi tisa kabla ya BURG, Offenburg ina tano tu, na mwandiko wa duara huanza mapema zaidi kwa jina refu. Kisha pima kipenyo kwa milimita na uzito kwa gramu, utuwekee picha za pande zote mbili, na Msafiri wa Rhein atatulinganishia na namba za Funck. Ikithibitika, kwenye kadi andika kwanza jina la mji, halafu zinki, halafu 1917, na mwisho habari ya babu wa rafiki yako na safari yake ya masomo.